Maneno Yafuate Macho ya Mtoto

SWALI: Mwanangu ana miaka minne na miezi miwili, na tumeambiwa ana usonji (autism). Ana maneno kama kumi na mawili: maji, gari, toka na mengine. Akitaka chai anasema "unataka chai?" Nikimuuliza "hii nini?" ananyamaza au analirudia swali lenyewe. Mwalimu wa chekechea ameniambia nisimpe kitu mpaka akitaje. Mama mkwe anasema namdekeza, ndiyo maana hasemi, na kwamba tunamchanganya kwa kuwa bibi yake humsemesha Kisambaa. Je, ninavyomjibu kunabadilisha chochote? Na nimjibuje? (Mama, Tanga)

JIBU: Ndiyo, mama, kunabadilisha, ila si kwa njia anayoidhani mama mkwe wako. Kudekeza hakumnyamazishi mtoto, na usonji hauletwi na malezi. Miaka ya 1950 na 1960 walikuwapo madaktari Marekani na Ulaya walioamini kwamba ubaridi wa mama ndio unaomfanya mtoto ajifungie. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, aliivunja hoja hiyo mwaka 1964, na tafiti za baadaye za vinasaba na za ubongo hazikuirudisha. Akina mama wengi waliumizwa bure kwa imani ile. Naomba usiibebe wewe leo, maana ukiwa nayo moyoni, yote nitakayokueleza utayasikia kama mashtaka.

Kabla ya lugha, masikio. Kama mwanao hajapimwa usikivu kwa kifaa hospitalini, apimwe. Kupiga makofi nyuma ya mgongo wake si kipimo: anaweza kugeukia upepo wa mkono, au akawa anasikia sauti nzito na kuzikosa nyembamba kama "s" na "f". Mtoto aliyekwisha kuambiwa ana usonji hupuuzwa kwa urahisi asipoitika, kumbe ana majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na hayo yanatibika.

Sasa tuje kwenye swali lako. Mtoto wa kawaida hujifunza maneno kwa kufuata macho ya mkubwa. Mama akisema "paka", mtoto huinua uso, hutazama mama anatazama wapi, hukuta paka, na neno linakaa mahali pake. Mwenye usonji, katika umri wa mwanao, mara nyingi hafuati. Unasema "paka" huku yeye macho yapo kwenye kifuniko cha sufuria kinachozunguka. Neno linapita hewani, au baya zaidi, linakwenda kunata kwenye kifuniko. Ndiyo maana mtoto anaweza kusemeshwa kutwa nzima na asipate hata neno moja jipya.

Njia ya kutoka hapo ni kugeuza safari. Yeye asipofuata macho yako, maneno yako ndiyo yafuate macho yake. Michael Siller na Marian Sigman, watafiti wa Los Angeles, waliwatazama wazazi wakicheza na watoto wao 25 wenye usonji, kisha wakawafuatilia watoto hao kwa miaka 16. Katika ripoti yao ya mwaka 2002, watoto ambao wazazi wao walisema juu ya kile mtoto alichokuwa tayari anakishughulikia walionekana kuendelea zaidi kilugha mwaka mmoja baadaye, miaka 10 baadaye, na hata miaka 16 baadaye. Ni watoto wachache, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba maneno ya mzazi ndiyo yaliyoleta tofauti, kwani mtoto mchangamfu naye humvuta mzazi aseme vizuri. Lakini wengine waliofuata njia hiyo wameona mwelekeo uleule, na mimi naamini una uzito wa kutosha wa kupangia siku yako.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Chagua dakika kumi, mara tatu kwa siku, redio na televisheni zikiwa zimezimwa. Keti sakafuni mbele yake, uso wako uwe sawa na wake au chini kidogo, aweze kukuona bila kuinua shingo. Weka vitu vitatu au vinne tu anavyovipenda, na kila kimoja ikiwezekana kiwe na pacha wake: vifuniko viwili, vikopo viwili, vigari viwili. Usimwonyeshe la kufanya. Nyamaza na umtazame hadi ujue hasa nini kimemshika. Wazazi wengi hukosea hapa. Wanadhani mtoto anacheza na gari, kumbe anatazama tairi tu. Ukisema "gari" umemkosa. Neno lake kwa wakati huo ni "tairi", au "linazunguka".

Anazungusha kifuniko? Chukua cha pili, kizungushe pembeni ya chake, useme: "Kinazunguka." Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano, ukiweza hadi kumi. Kifuniko kikianguka: "Kimeanguka!" Nyamaza tena. Akikutupia jicho, akitoa sauti, akikusukumia kifuniko, huo ni usemi wake, na lazima upate jibu papo hapo: kizungushe tena, "Kinazunguka."

Ule ukimya wa kuhesabu ndio kazi ngumu kuliko zote. Mtoto huyu huhitaji muda mrefu zaidi kulipokea neno, kulipanga na kulitoa. Mzazi akiona kimya cha sekunde mbili huingiwa na wasiwasi, anaongeza neno, anabadilisha sentensi, anamwita jina, na kila nyongeza inamrudisha mtoto mwanzo.

Urefu wa sentensi upime kwa maneno yake yeye. Anayesema neno mojamoja, kama mwanao, mpe sentensi ya neno moja hadi mawili, mara chache matatu. Kiswahili kinakusaidia sana hapa, kwa sababu kitenzi chetu ni sentensi kamili: "Limeanguka" ina mtendaji, wakati na tendo ndani ya neno moja. Lakini kuna mtego. Kikombe kimeanguka, gari limeanguka, mkate umeanguka. Kichwa cha neno hubadilika kila mara na mtoto anaweza asitambue kwamba ni tendo lilelile. Kwa hiyo baada ya kulisema peke yake, lifungie jina: "Kikombe kimeanguka." "Gari limeanguka." Ule mwanzo wa "ki" na "ki" unaofanana utamsaidia kukishika.

Usikate viambishi ukidhani unarahisisha. "Kikombe anguka", "mtoto kula chai" si Kiswahili chepesi, ni Kiswahili kilichovunjika, na mtoto hana kwingine pa kukiokota kizima. Kwa Kiingereza jambo hili limepimwa: Courtney Venker na wenzake waliripoti mwaka 2015 kwamba wazazi waliozoea kudondosha vineno vya sarufi walipoongea na watoto wao wenye usonji, watoto hao mwaka mmoja baadaye walikuwa na maneno ya aina chache zaidi. Sentensi iwe fupi, lakini iwe nzima.

Akikupa neno lake mwenyewe, liongezee moja. Amesema "gari": "Gari linakwenda," au "Gari jekundu." Amesema "maji": "Maji ya moto." Usimlazimishe arudie. Ameshatoa neno, umelipokea na kulirudisha likiwa limenona. Hiyo inatosha.

Na sasa "unataka chai?" Mwanao hakosei ovyo. Kila asubuhi wewe humuuliza "Unataka chai?", kisha kikombe kinakuja. Kwake maneno hayo yote mawili ni jina la tukio hilo, kama vile sisi tunavyosema "hodi" bila kuipasua. Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha tangu mwaka 1981 kwamba maneno ya mwangwi ya watoto wenye usonji, yaani yale wanayoyarudia kama walivyoyasikia, yana kazi zake: kuomba, kukubali, kushika zamu ya mazungumzo, kujituliza. Kwa hiyo litafsiri kabla ya kulisahihisha. Kinachomtatiza kiko kwenye vipande viwili vidogo tu. Katika Kiswahili "mimi" na "wewe" vimefichwa mwanzoni mwa kitenzi, ni- ("nataka" ni "ninataka" kwa kifupi) na u-, na mtoto aliyemeza kitenzi kizima hawezi kuviona.

Akisema "unataka chai?", wewe sema kwa mdomo wake, kama kwamba ndiye anayesema: "Nataka chai," na kikombe kimfikie sekunde hiyohiyo. Usimwambie "si unataka, ni nataka", atairudia yote. Usimwambie "sema nataka chai" pia, maana wako watoto ambao miezi kadhaa baadaye huomba kwa kusema "sema nataka chai", neno "sema" likiwa limeganda ndani. Na wewe mwenyewe acha kumuuliza. Shika kikombe, mwonyeshe, sema "Nataka chai," mpe. Baada ya wiki mbili tatu sambaza: "Nataka maji." "Nataka ndizi." "Nataka gari." Nia ni kwamba aanze kuhisi mshono kati ya "nataka" na kile kinachofuata, ili siku moja aukate mwenyewe na kushona kingine.

Mwangwi mwingine hutoka mbali zaidi. Mtoto anayesema "karibuni tena" kila anapotaka kuondoka, yaelekea aliyasikia maneno hayo dukani wakati wa kutoka. Tafuta yalikotoka, kisha umpe ya kwake: "Nataka kuondoka." Ukinyamazisha mwangwi unafunga mlango pekee aliokuwa ameufungua.

"Hii nini?" iweke pembeni kwa sasa. Swali la namna hiyo ni mtihani, na jibu lake unalijua wewe tayari. Mtoto haoni kwa nini alitoe. Likimshinda, hurudia swali au hunyamaza, nawe unauliza tena kwa sauti ya juu zaidi, na mchezo unakwisha. Kipimo ninachokipendekeza ni kwamba kwa kila swali moja uwe umesema mara nne maneno ya kueleza anachokiona. Swali likibaki, liwe la kweli: "Ndizi au chungwa?" huku vyote viwili viko mikononi mwako, anaweza kujibu hata kwa kunyoosha mkono.

Kuamuru nako si kubaya chote, na hapa ushauri mwingi hukosea kwa kuweka amri zote kapu moja. Andrea McDuffie na Paul Yoder, katika utafiti wao wa mwaka 2010, walikuta kwamba maelezo yanayofuata macho ya mtoto, kuongezea maneno yake, na hata maagizo yanayohusu kitu alichokishika tayari, vyote vilikwenda pamoja na msamiati mkubwa zaidi baadaye. Ameshika kopo la kuogea juu ya beseni, nawe unasema "Mwaga maji!" Hiyo ni amri iliyo ndani ya mchezo wake. Inayomwondoa ni ile ya "Acha hiyo, njoo tuchore." Kwa ajili ya usalama na ratiba ya nyumba utaisema, hakuna ubaya, lakini usiihesabu kama somo la lugha.

Mwalimu anayesema usimpe mpaka akitaje ana nia njema, na katika ushauri wake kuna chembe ya kweli: mtoto huhitaji sababu ya kusema. Tatizo ni bei anayomdai. Ukishika kikombe juu na kusubiri neno asilolimudu, atalia, atapanda meza akichukue mwenyewe, au atajifunza kwamba mazungumzo na mama ni vita. Wengine huacha kuomba kabisa. Fanya hivi badala yake: weka biskuti kwenye kopo la plastiki linaloonyesha ndani, mfuniko umebana asiweze kuufungua. Au mimina chai kidogo tu, vidole viwili, asubuhi ambayo unajua ana kiu. Kisha subiri hizo sekunde tano hadi kumi. Ishara yoyote ile, mkono, jicho, sauti, neno nusu, ndiyo malipo kamili. Sema neno, "Fungua," na ufungue. Muda ukipita bila ishara yoyote, sema neno na ufungue vilevile. Fanya mara tano au sita kwa siku, si kila mlo, mtoto asije akaona kila kitu kimefungwa.

Anapokuvuta mkono hadi kwenye mtungi bila kukutazama, wengi huambiwa wamkatalie kwa kuwa "anamtumia mama kama chombo". Usimkatalie. Nenda naye, inama mbele yake, gusa mtungi, "Maji. Nataka maji," mpe. Na vile visauti visivyo na maana, "bababa", "diga", navyo vijibu, kwa kuvirudisha kama vilivyo. Anne Warlaumont na wenzake walichambua rekodi ndefu za sauti za nyumbani na kuripoti mwaka 2014 kwamba mtoto akitoa sauti inayokaribia usemi na ikajibiwa, sauti yake inayofuata huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukaribia usemi pia. Kwa watoto wenye usonji mzunguko huo ulikuwa dhaifu: sauti zilikuwa chache, na majibu ya wakubwa yalitegemea kidogo zaidi kile mtoto alichokitoa. Hilo halishangazi, ni vigumu kuendelea kumjibu asiyekutazama. Ndiyo maana inabidi tulifanye kwa makusudi.

Utajuaje kama unafanya sawa? Usitegemee kumbukumbu. Egemeza simu kwenye kiti, jirekodi dakika tatu, mtoto akilala utazame. Chora mistari minne kwenye daftari: maswali, amri za kumwondoa, maneno yaliyofuata macho yake, na mara ulizosubiri sekunde tano. Mara ya kwanza wazazi wengi hukuta maswali yamejaa na mstari wa kusubiri hauna kitu. Usijilaumu, chagua kosa moja tu la kupunguza wiki hiyo.

Kujitazama kwenye video ndiyo roho ya tiba iitwayo PACT, iliyojaribiwa Uingereza na Jonathan Green na wenzake kwa watoto 152 wenye umri chini ya miaka mitano. Mtaalamu huketi na mzazi, wanatazama pamoja mzazi akicheza na mtoto, wanatafuta nyakati ambazo jibu lake lilifika vizuri. Wazazi pia waliombwa wafanye mazoezi nyumbani dakika 30 kila siku. Matokeo ya mwaka 2010 nayasema wazi yasije yakakuahidi kupita kiasi: namna wazazi walivyoitikia ilibadilika sana, watoto walianzisha mawasiliano mara nyingi zaidi, lakini lugha iliyopimwa na wataalamu moja kwa moja haikuruka sana. Walipofuatiliwa tena takriban miaka sita baadaye, ripoti ya 2016 ilionyesha dalili za usonji zilikuwa nafuu kwa watoto ambao wazazi wao walipata tiba hiyo kuliko kwa wale ambao hawakuipata. Mwaka huohuo ikachapishwa kazi ya Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, ambako tiba hiyo ilipelekwa majumbani na wahudumu wasio mabingwa, na wazazi wakaimudu. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya wazazi yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, ambayo yamefika Kenya na Ethiopia. Waulize hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe kama kuna kikundi cha namna hiyo.

Kisambaa cha bibi kiendelee. Tafiti za watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili, ukiwamo wa watoto 75 uliofanyika Kanada na kuchapishwa 2012, hazikukuta kwamba lugha ya pili iliwachelewesha. Kumwondolea bibi lugha yake ni kumwondolea mtoto mtu mmoja wa kumjibu, maana bibi akilazimishwa Kiswahili asichokizoea atasema machache na makavu. Mfundishe tu kungoja na kufuata macho, kwa Kisambaa chake. Kadi za picha nazo usiziogope. Mtoto anayekupa picha ya chai hasahau kusema. Kwa wengi usemi huongezeka kidogo au hubaki ulivyo, haupungui. Akikupa picha, sema "Nataka chai" na umpe.

Kuhusu matarajio: utafiti mmoja wa Marekani wa 2013 uliwatazama watoto 535 wenye usonji waliokuwa bado hawaungi maneno walipofika miaka minne. Asilimia 70 kati yao walipata sentensi fupi kufikia miaka minane au baadaye, na asilimia 47 wakawa wanazungumza kwa ufasaha. Mwanao yumo kwenye umri huohuo, na tayari ana maneno kumi na mawili pamoja na mwangwi. Wapo pia ambao hawatazungumza sana hata wazazi wao wafanye kila kitu sawasawa. Hao huhitaji picha, ishara au simu inayotamka, na wanastahili kujibiwa vilevile.

Weka daftari. Kila neno jipya liandike na tarehe, na pembeni uandike alikuwa anatazama nini aliposema. Baada ya wiki nane utaona maneno yake yanazaliwa wapi, kwenye beseni, jikoni, barabarani kwenye bodaboda, na huko ndiko uhamishie zile dakika kumi. Ukiona amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au anakodoa macho sekunde kadhaa bila kuitika hata akiguswa, na hali hiyo inajirudia, usisubiri mwezi uishe. Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine. Mrekodi kwa simu wakati hali hiyo ikitokea, umpeleke hospitali na video hiyo mkononi.